Sifuri Iliyotugombanisha

  Mwaka huu nimeombwa na wahariri niandike juu ya jambo la kisayansi kwa lugha yetu wenyewe, maana wapo wenzetu wanaodai ati mambo ya tarakilishi hayasemeki kwa Kiswahili. Mimi nasema yanasemeka. Tena nitayasema kwa kisa kilichoninyima usingizi siku mbili na nusura kinipotezee rafiki. Kisa chenyewe chahusu sifuri, na namna ya kupima muda ambao programu hutumia kufanya kazi yake.

Muhula wa pili mwalimu wetu wa tarakilishi alitupa kazi. Kidato cha tatu tuko wanafunzi 200, na kila siku ya wazazi majina yetu hubandikwa ukutani yakiwa yamepangwa kialfabeti ili mzazi asihangaike kulitafuta la mwanawe. Mwaka huu, akasema mwalimu, majina yatapangwa na programu iliyoandikwa na wanafunzi, mbele ya wazazi, huku picha ikitupwa ukutani kila mtu aone. Programu itakayopanga upesi zaidi ndiyo itakayotumiwa, na aliyeiandika ndiye atakayesimama kuieleza.

Bwana we, niliitaka nafasi hiyo kama samaki atakavyo maji. Mama yangu huuza nafaka sokoni. Hajawahi kuingia katika maabara yetu ya tarakilishi, na kila nikimwambia kuwa karo anayolipa inanunua kitu cha maana, hunitazama tu na kuendelea kupepeta maharagwe yake. Nilitaka anione nimesimama pale mbele.

Tuliobaki mwishoni mwa mchujo tulikuwa wawili: mimi na msichana niliyekuwa nikiketi naye dawati moja. Mimi nilitumia njia ya mapovu. Programu hulinganisha jina na jirani yake. Kama yamekaa visivyo, huyabadilisha nafasi. Hufanya hivyo kutoka mwanzo wa orodha hadi mwisho wa sehemu ambayo bado haijapangwa, kisha hurudi kuanza upya, mpaka ipite bila kubadilisha kitu. Majina hupanda polepole kama povu majini. Kwa majina 200, ulinganishaji waweza kufika mara 19,900. Mwenzangu alitumia njia ya kugawa na kuunganisha. Orodha hugawanywa nusu, nusu hugawanywa nusu, hadi kila jina likae peke yake. Kisha huunganishwa tena kwa mpangilio. Njia hiyo kwa majina 200 haizidi ulinganishaji 1,345. Msomaji mwerevu tayari ameshajua ni nani aliyestahili kushinda. Mimi wakati huo sikutaka kujua.

Ijumaa jioni baada ya masomo tukakusanyika maabarani. Kila programu ilikuwa imeongezwa mistari miwili: mmoja wa kusoma saa ya tarakilishi kabla ya kazi, na mmoja wa kuisoma baada ya kazi. Ukitoa ya kwanza katika ya pili wapata muda uliotumika. Hiyo ni hesabu ya darasa la pili. Tulitumia lugha ya Python, na amri tuliyoizoea ya kusoma saa ni time.time(). Kila mmoja aliendesha programu yake mara moja tu.

Yangu ikaandika 0.0. Yake ikaandika 0.0156.

Nilipiga ukelele uliosikika hadi ofisi ya walimu. "Sifuri! Sekunde haijazaliwa, yangu imekwisha kazi!" Maabara nzima ikaangua kicheko. Mwenzangu aliitazama ile nambari kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lakini haiwezekani kazi ikafanyika kwa muda sifuri."

Hapo ndipo nilipomjibu jibu ninalolijutia hadi leo. Nilimwambia, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Methali nzuri, lakini niliitumia kama jiwe. Mmoja wetu kule nyuma akambandika jina la Nukta Sifuri Moja, na wengine wakalidaka. Alikunja daftari lake, akatoka. Jumatatu asubuhi niliporudi shuleni nilikuta amehamia dawati la mbele kabisa.

Kati ya Ijumaa hiyo na Jumatatu kulikuwa na Jumamosi, na Jumamosi mimi humsaidia mama sokoni. Mizani yake ni ile ya mshale, yenye alama za gramu 50. Nilikuwa nimekaa bila mteja, lile neno "haiwezekani" linanizunguka kichwani. Nikachukua punje moja ya maharagwe nikaiweka kwenye sahani. Mshale haukutikisika. Nikaongeza ya pili, ya tatu. Wapi! Mshale umelala palepale kwenye sifuri.

"Mama," nikauliza, "punje moja ina uzito gani?"

"Kwani leo umelala vibaya?" akanijibu. Kisha alipoona sicheki, akasema, "Baba, mizani hii haioni kitu kidogo. Ikikuonyesha sifuri haijasema hakuna kitu. Imesema haijakiona."

Nikamwuliza, sasa tutajuaje uzito wa punje moja? Akasema, "Si uweke nyingi, ugawanye?" Akaendelea kumhudumia mteja. Mimi nikahesabu punje 500, moja moja, watu wakinitazama kama mtu aliyerogwa. Nikazimwaga kwenye sahani. Mshale ukasimama kwenye gramu 250. Gawanya kwa 500: punje moja ina nusu gramu. Mizani isiyoweza kuona gramu 5 imenipa uzito wa nusu gramu! Ama kweli haba na haba hujaza kibaba. Methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi, na sikuwahi kufikiri kuwa ni kanuni ya upimaji.

Nilipokuwa njiani kurudi nyumbani nilianza kuogopa. Kama sifuri ya mizani ina maana ya "sijaona", je, sifuri ya programu yangu?

Sasa, msomaji, twende polepole. Hebu fikiria shule yetu haina saa yoyote isipokuwa kengele. Kipindi ni dakika 40, na kengele hulia kila kipindi kikiisha. Huna njia nyingine ya kujua wakati. Mwanafunzi wa kwanza anatoka katikati ya kipindi kwenda kunywa maji bombani, anarudi baada ya dakika 3. Hakuna kengele iliyolia akiwa nje. Kwa hesabu ya kengele, ametumia muda gani? Sifuri! Mwanafunzi wa pili naye anakwenda bombani kwa dakika 3 zilezile, lakini akiwa anafunga bomba, kengele inalia. Kwa hesabu ya kengele, huyu ametumia kipindi kizima, dakika 40. Mmoja ataonekana malaika na mwingine mtoro, ilhali wamefanya kitu kimoja. Tofauti yao ni bahati ya kengele.

Saa ya tarakilishi nayo ina kengele yake. Ndani ya mashine mna kipande cha kwatzi kinachotetemeka kwa kasi isiyobadilika, kama kile kilichomo katika saa ya mkononi, ambacho hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Lakini mashine haiwezi kuacha kazi zake kila kitetemeko ili isahihishe saa. Kwa hiyo vitetemeko huhesabiwa, na kila vikifika idadi fulani kengele hulia, na hapo ndipo saa inaposogezwa mbele. Tarakilishi ya IBM iliyotoka mwaka 1981 ilikuwa na kengele iliyolia mara 18.2 hivi kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 55. Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika Windows, kengele ya kawaida hulia mara 64 kwa sekunde.

Chukua kalamu ugawanye 1 kwa 64. Umepata ngapi? Ni 0.015625.

Lahaula! Ile 0.0156 iliyoandikwa na programu ya mwenzangu haikuwa muda wa programu yake hata kidogo. Ulikuwa muda kati ya kengele mbili. Programu yake ilikuwa tu bombani kengele ilipolia. Na programu yangu ilikwenda ikarudi kabla ya kengele. Tulikuwa tumelinganisha bahati mbili tukaziita kasi.

Usidhani milisekunde 15.6 ni muda mdogo kwa tarakilishi. Kichakataji cha mashine zetu za shule kina mapigo bilioni 2 kwa sekunde. Kati ya kengele moja na nyingine hupiga mapigo zaidi ya milioni 31. Ni kama kutaka kujua nani kati ya watoto wawili anakimbia haraka hadi dukani, halafu saa yako ina mshale wa siku tu.

Jumatatu saa nne, wakati wa mapumziko, nilimfuata mwalimu nikamweleza habari za maharagwe. Alicheka, akanipeleka maabarani. Akanionyesha kuwa Python yenyewe huweza kuulizwa ukali wa saa zake kwa amri time.get_clock_info. Tukaiuliza habari za time. Ikajibu 0.015625. Tukaiuliza habari za saa nyingine iitwayo perf_counter. Hiyo ikajibu 0.0000001, yaani hatua yake ni sehemu moja ya milioni 10 ya sekunde.

"Saa hizi ni mbili na kazi zake ni mbili," akasema mwalimu. Ile ya kwanza ni kama saa ya ukutani. Huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na kazi yake ni kukuambia sasa ni lini. Tena yaweza kurekebishwa katikati ya kazi, kwa mfano mashine ikigundua kupitia intaneti kuwa imetangulia. Ikirudishwa nyuma, programu yako yaweza kuonekana imemaliza kabla ya kuanza! Saa ya pili ni kama saa ya mwamuzi wa mbio. Haijui leo ni tarehe ngapi, lakini hairudi nyuma na hatua zake ni ndogo mno. Iliingizwa katika Python 3.3, mwaka 2012. Mashine zetu zilikuwa na Python ya zamani kidogo. Kuanzia toleo la 3.13 la mwaka 2024, hata time.time() katika Windows imenolewa hadi karibu maikrosekunde moja, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde. Lakini kwa kupima mbio, saa ya mwamuzi bado ndiyo ifaayo.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini kengele isilie mara nyingi zaidi tu? Yawezekana. Programu inaweza kuiomba Windows ilize kengele karibu mara 1,000 kwa sekunde. Lakini kila kengele inaikatiza mashine, na betri ya tarakilishi ya mapajani huisha upesi. Jaribu kupiga kengele ya shule kila dakika uone kama kuna mwalimu atakayefundisha.

Na si kila kazi inahitaji saa kali. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 na ushei mjini Vienna mwaka 2019, saa 1 dakika 59 na sekunde 40 zilitosha kuishangaza dunia. Hakuna aliyeuliza habari za sehemu za sekunde. Lakini tarehe 18 Septemba 2021 uwanjani Kasarani, katika mita 100, Trayvon Bromell wa Marekani alitumia sekunde 9.76 na Ferdinand Omanyala wetu akatumia 9.77. Kwa saa inayoonyesha sehemu za kumi tu, wote wangeandikiwa 9.8, na mtu angeapa kuwa walifika pamoja. Ukali wa saa huchaguliwa kulingana na tofauti unayotaka kuiona. Hilo ndilo la kujiuliza kwanza kabla ya kupima chochote.

Mwalimu alipokwenda zake ofisini niliomba nibaki. Nikaamua kutumia silaha zote mbili: saa ya mwamuzi, na maharagwe 500. Nikaiagiza kila programu ipange orodha mara 1,000, kisha nigawanye muda wote kwa 1,000.

Matokeo yalitoka. Programu ya mwenzangu: milisekunde 0.7 kwa kila mpango. Programu yangu: milisekunde 0.03.

Nilisimama nikaketi tena. Nilikuwa nimeshinda, tena zaidi ya mara 20! Saa ilikuwa ni ile kali, marudio yalikuwa 1,000, na mwalimu mwenyewe ndiye aliyenifundisha njia. Ningeweza kuchapisha karatasi ile nikaibandika mlangoni, na hakuna ambaye angenipinga. Mama angeniona nimesimama mbele. Nawaambia ukweli, kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuchapisha.

Kilichonizuia ni hesabu ndogo. Ulinganishaji 19,900 katika milisekunde 0.03? Nikagawanya. Kila ulinganishaji ungekuwa umechukua nanosekunde 1.5, yaani mapigo matatu tu ya kichakataji. Python haina kasi hiyo hata ndotoni. Palikuwa na jambo.

Nikachapa orodha kwenye skrini baada ya kila mzunguko, na siri ikafichuka. Programu yangu huipanga orodha ileile inayopewa. Mzunguko wa kwanza iliyakuta majina yamevurugika, ikayapanga. Mzunguko wa pili iliyakuta yamekwisha kupangwa! Ikapita mara moja, ulinganishaji 199, ikaona hakuna cha kubadilisha, ikaacha. Hivyo mara 999. Ni sawa na mtu anayejisifu kuwa ameosha sahani mara 1,000 kwa dakika moja, kumbe aliziosha mara moja tu, na mara nyingine zote alikuwa anazipangusa zikiwa safi. Programu ya mwenzangu yenyewe hutoa orodha mpya na kuiacha ya zamani ilivyo, kwa hiyo ilifanya kazi kamili mara zote 1,000.

Nikarekebisha. Kila mzunguko nikaipa programu nakala mpya ya majina yaliyovurugika. Hii hapa mistari yenyewe, kwa wenzangu wanaosoma somo hili:

import time
marudio = 1000
mwanzo = time.perf_counter()
for i in range(marudio):
    nakala = majina.copy()
    panga(nakala)
mwisho = time.perf_counter()
wastani = (mwisho - mwanzo) / marudio
print(round(wastani, 4))

Kunakili nako huchukua muda. Nilikupima peke yake nikaona ni kidogo mno hata hakufiki sehemu moja ya mia ya kazi yenyewe, lakini ni vizuri kujua badala ya kukisia.

Nilirudia zoezi zima mara tano. Yangu ilitoa milisekunde 4.1, 4.3, 4.1, 5.6 na 4.2. Mbona ile 5.6? Kwa sababu tarakilishi haifanyi kazi yako peke yake. Huku nyuma inakagua virusi, inapakua hiki na kile. Vitu hivyo huweza kuichelewesha programu yako lakini haviwezi kuiharakisha. Ndiyo maana, kwa programu ndogo kama hizi, kipimo kidogo kuliko vyote ndicho kilicho karibu na ukweli wa programu yenyewe. Python ina chombo kiitwacho timeit ambacho hukufanyia mambo haya: huchagua saa kali, na usipokiambia vinginevyo hurudia kazi mara milioni moja.

Yake ilitoa 0.7 kila mara.

Basi hukumu ndiyo hiyo. Milisekunde 4.1 kwa 0.7. Programu yake ilikuwa na kasi karibu mara sita ya yangu. Na sasa niliweza hata kueleza Ijumaa ile. Kazi ya milisekunde 0.7 katikati ya kengele zilizoachana kwa 15.6 hukutana na kengele mara nne au tano tu katika mia moja. Alikuwa na bahati mbaya ya kupindukia. Mimi niliiita bahati yake mbaya uzembe, na bahati yangu nikaiita akili.

Kabla sijamalizia kisa, niyakusanye niliyojifunza, huenda yakamfaa mwenye mradi wa mtihani:

Kwanza, ijue hatua ya saa yako kabla hujaiamini. Ukipata jibu ambalo ni sifuri, au jibu lilelile la 0.0156 au mara mbili yake, shuku saa kabla ya kuisifu programu.

Pili, chagua saa ya mbio wala si saa ya tarehe.

Tatu, kazi ikiwa ndogo, irudie mara nyingi hadi jumla yake iwe kubwa mno mbele ya hatua ya saa, kisha ugawanye. Nusu sekunde au zaidi ni jumla nzuri.

Nne, hakikisha kila mrudio unafanya kazi ileile kwa data ileile. Usioshe sahani safi.

Tano, usiandike tarakimu nyingi kuliko unazostahili. Tarakilishi itakuandikia 0.004123456789 bila haya, na wewe utadhani umepima kwa ukali wa ajabu. Lakini kama vipimo vyako vyenyewe vinatofautiana kati ya 4.1 na 4.3, tarakimu zote zinazofuata ni mapambo. Ndiyo sababu ya ile round katika mstari wa mwisho. Walimu wetu wa fizikia hutukata alama kwa kosa hili tukiwa na rula. Hawakosei.

Sita, jibu likikupendeza sana, lipime tena. Hili halimo katika kitabu chochote cha tarakilishi nilichosoma.

Jumanne niliomba ruhusa kuzungumza mbele ya chama cha tarakilishi. Nilibandika karatasi tatu: ya Ijumaa, ya ushindi wa uongo, na ya kweli. Nikaeleza habari za kengele na za sahani safi. Kisha nikamgeukia mwenzangu, nikasema, "Ulisema haiwezekani, na kweli haikuwezekana. Nilikukosea. Naomba radhi." Miguu ilikuwa inatetemeka, sifichi.

Hakunijibu papo hapo. Alikuja mbele, akaisoma ile karatasi ya tatu toka juu hadi chini, akaniuliza, "Uliipa nakala mpya kila mara?" Nikasema ndiyo. "Na kunakili ulikupima?" Nikasema nilikupima. Akatikisa kichwa kukubali, akarudi mahali pake. Keshoye nilikuta mkoba wake kwenye dawati letu. Lile jina la kejeli lilichukua wiki mbili kufa. Jina baya halina saa.

Siku ya wazazi majina 200 yalipangwa ukutani hata kabla ya mtu kupepesa macho, na aliyesimama kueleza ni yeye. Alieleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi. Nilikuwa kando, nikishikilia waya wa mashine ya picha ambao ulikuwa umelegea. Mama alikuwa safu ya tatu, na kanga yake ya kutokea. Tulipotoka nje akaniuliza, "Na wewe kazi yako ilikuwa ipi pale?"

Nikamwambia, "Mimi nilikuwa wa kupima, Mama. Kwa maharagwe yako."

Alicheka njia nzima hadi kituo cha matatu. Kwa hayo machache, wino waniishia. Kwaheri ya kuonana, msomaji, na siku utakapoonyeshwa sifuri, kumbuka kuiuliza imepimwa kwa saa gani.